Kuchagua Msumeno wa Mnyororo kwa Kazi ya Mbao Ngumu: Somo kwa Wanunuzi wa Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya fundi seremala, mtengeneza mitumbwi, mvunaji wa miti, kikundi cha ujasiriamali na mwenye shamba aliyeko Mwanza, Sengerema, Ukerewe, Magu au kwingineko kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, ambaye anakusudia kununua msumeno wa mnyororo, yaani chenso kama wengi wauitavyo, kwa kazi ya kukata miti yenye mbao ngumu. Kwa wanunuzi wengi, chombo hiki ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote watakavyonunua kwa mwaka mzima, na aghalabu fedha zenyewe ni za mkopo au za kikundi. Msumeno usioiweza kazi humwachia mnunuzi deni bila kipato. Msumeno usio salama huweza kumwachia kilema.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kueleza msumeno wa ukubwa gani unamfaa, kuzipima namba zilizoandikwa kwenye boksi, kuutambua msumeno wa bandia kabla ya kutoa fedha, na kudai haki yake endapo atauziwa kisichofaa.

1. Anza na mti, kisha nenda dukani

Mnunuzi wengi huingia dukani wakiuliza, "Msumeno bei gani?" Swali la kwanza linapaswa kuwa lile la muuzaji kwa mnunuzi: unakata mti gani, una unene gani, na kwa siku ngapi katika juma? Asiyeulizwa swali hilo na alijibu bila kuulizwa.

Miti ya ukanda wetu haifanani. Msonobari na mkaratusi mchanga wa mashamba ya miti, kama yale ya Rubya huko Ukerewe na Buhindi huko Buchosa, hukatika bila kuichosha mashine. Mvule, mninga, mkwaju na mwembe mkongwe ni habari nyingine. Mvule, ambao tangu zamani umependwa na mafundi wa mitumbwi kwa kuwa hauozi upesi majini, una tabia ambayo mnunuzi anapaswa kuijua: ndani ya shina lake mara nyingine hujijenga vijiwe vya chokaa, vigumu kiasi cha kulimaliza makali meno ya mnyororo kwa mkato mmoja. Vumbi lake pia huwasha ngozi na kusumbua kifua. Mkwaju nao ni mzito na mgumu, hasa ukishakauka.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, andika mambo matatu kwenye karatasi: aina ya miti unayoikata mara nyingi, unene wa shina la kawaida kwa sentimita (usipime lile kubwa kuliko yote uliyowahi kuliona), na idadi ya siku za kazi kwa mwezi. Karatasi hiyo itakufaa tena tutakapofika kwenye suala la haki zako.

2. Kuzisoma namba za mashine

Namba ya kwanza ni ujazo wa injini, unaoandikwa kwa sentimita za ujazo, yaani cc, kama ilivyo kwa pikipiki. Kwa matawi, kuni na miti myembamba, injini ya cc 40 hadi 50 inatosha. Kwa mashina magumu ya unene wa kati, cc 60 hadi 75 ndiyo kiwango ambacho wakataji wengi wa kitaalamu hukitegemea. Kwa mashina makubwa sana, au kwa kazi ya kupasua magogo kwa urefu, huhitajika cc 90 na kuendelea. Lakini mashine hiyo ni nzito, hunywa mafuta mengi, na humchosha mtu kabla ya adhuhuri. Mtu aliyechoka ndiye anayejikata.

Namba ya pili ni nguvu, inayoandikwa kwa kilowati (kW). Hapa ndipo boksi nyingi husema uongo, na kipimo cha kuugundua ni chepesi. Misumeno halisi ya kitaalamu hutoa takribani nusu kilowati, au zaidi kidogo, kwa kila cc 10. Msumeno wa cc 70 utakuwa na kilowati 4 hivi. Ukiona boksi la msumeno wa cc 58 linaahidi kilowati 5, boksi hilo halisemi kweli, nawe una sababu ya kutilia shaka kila kingine kilichoandikwa juu yake.

Namba ya tatu ni urefu wa bamba la kuongozea mnyororo, yaani lile bamba refu la chuma ambalo mnyororo hulizunguka. Hupimwa kwa inchi. Wanunuzi wengi hulitaka refu wakidhani urefu ni nguvu. Kwa mbao ngumu ni kinyume chake: kadiri bamba linavyokuwa refu, ndivyo meno mengi zaidi yanavyouma mti kwa wakati mmoja, na ndivyo injini inavyoelemewa. Injini ya cc 50 hadi 60 ibebe bamba la inchi 15 hadi 18. Ya cc 70 hivi, inchi 18 hadi 24. Ukiwa kwenye mti mgumu, chagua upande mfupi wa vipimo hivyo. Shina nene kuliko bamba hukatwa kutoka pande mbili na mtu aliyefunzwa namna ya kufanya hivyo.

3. Mnyororo na tupa

Injini huuzungusha mnyororo, lakini kinachokata ni jino. Meno ya mnyororo yapo ya namna mbili kuu. Yapo yenye pembe kali ya mraba, ambayo hukata upesi kwenye mti safi, mbichi na laini, lakini huisha makali mara yakigusa mchanga. Yapo pia yenye pembe iliyoviringwa kidogo, ambayo hukata polepole zaidi lakini hudumu na makali. Kwa mti mgumu, mkavu, wenye vumbi au vijiwe kama mvule, tunashauri ya aina hii ya pili.

Mnyororo unaponunuliwa lazima ulingane na bamba na gurudumu la meno linalouendesha. Vipimo vya nafasi kati ya meno vinavyopatikana sana kwenye misumeno ya kitaalamu ni inchi 0.325, inchi 3/8 na inchi 0.404, na kila kimoja kina tupa yake ya duara: milimita 4.8 kwa cha kwanza, 5.2 kwa cha pili na 5.5 kwa cha tatu. Tupa isiyolingana huliharibu jino badala ya kulinoa. Muulize muuzaji kama anauza mnyororo, tupa na bamba la kipimo hicho hapohapo dukani. Kama vitatu hivyo haviko, umeambiwa mapema mahali utakapokwama.

Mnyororo wa kawaida umetengenezwa ili kukata shina kwa upana. Anayepasua mbao kwa urefu anahitaji mnyororo ulionolewa kwa pembe nyingine, na ajue hasara yake: mkato wa msumeno huu huwa na unene wa milimita 8 hadi 10. Anayetoa mbao za milimita 25 hupoteza zaidi kidogo ya robo ya gogo kwa unga pekee. Kwa mti wa thamani kama mninga, ni vema kwanza kulinganisha na gharama ya kulipeleka gogo kwenye kiwanda cha kupasua mbao.

4. Mambo mawili ya ukanda wetu

La kwanza ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga kwa takribani asilimia 10. Msumeno ambao kabureta yake ilirekebishwa pwani utapata petroli nyingi kuliko hewa ukifika hapa: utatoa moshi, plagi itajaa masizi, na nguvu itapungua. Hilo si ubovu, bali linahitaji fundi aurekebishe. Dai marekebisho hayo yafanywe dukani mbele yako, msumeno ukiwa umewashwa na kupata moto. Baadhi ya misumeno mipya hujirekebisha yenyewe kwa mfumo wa kielektroniki. Ukichagua ya namna hiyo, hakikisha kuna fundi karibu mwenye kifaa cha kuipima.

La pili ni oili. Msumeno, sawa na injini nyingi za boti za uvuvi, hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Kwa sababu hiyo wapo wanaochota mchanganyiko wa boti mwaloni na kuumimina kwenye msumeno. Injini ya boti hupozwa kwa maji ya ziwa. Ya msumeno hupozwa kwa upepo na hufanya kazi kwa joto kubwa zaidi. Oili ya boti huandikwa TC-W3 kwenye chupa yake. Kwa msumeno, tafuta chupa iliyoandikwa JASO FD au ISO-L-EGD, au ile iliyoidhinishwa na mtengenezaji wa mashine. Watengenezaji wengi wa misumeno ya kitaalamu hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili hiyo, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Fuata kitabu cha mashine yako. Silinda iliyokwaruzwa kwa oili isiyofaa haifidiwi na dhamana yoyote, na muuzaji atakuwa na haki ya kukataa.

5. Usalama haupunguzwi bei

Hatari kubwa ya msumeno huu ni kuruka. Robo ya juu ya ncha ya bamba ikigusa mti au tawi huku mnyororo ukizunguka, mashine hurushwa nyuma na juu, kuelekea uso na bega la aliyeishika, kwa kasi isiyompa muda wa kukwepa. Kwa hiyo usinunue msumeno ambao hauna vitu hivi, au ambao navyo havifanyi kazi:

Breki ya mnyororo, inayofungwa na kinga ya mkono wa mbele. Zungusha mnyororo, kisha isukume kinga mbele: mnyororo usimame papo hapo.

Kifungio cha mafuta, ambacho huizuia mashine kuongeza kasi mpaka kiganja kiwe kimeushika mpini kikamilifu.

Kidaka mnyororo chini ya bamba, cha kuuzuia mnyororo uliokatika usimfikie mtumiaji.

Mipira au springi za kupunguza mtikisiko kati ya injini na mipini. Mtikisiko wa miaka mingi huua mishipa ya vidole.

Swichi ya kuzimia inayofikiwa kwa kidole bila kuachia mpini.

Pamoja na msumeno, tenga fedha za kofia ngumu yenye wavu wa uso na vizibo vya masikio, glavu, viatu vigumu, na suruali maalumu yenye nyuzi za ndani ambazo huunasa mnyororo na kuusimamisha. Mlio wa mashine hizi huvuka desibeli 100, na masikio hayaponi yakishaharibika. Mwajiri anayemkabidhi mtu msumeno bila vifaa hivi anakwenda kinyume na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kikundi ambacho fedha zake hazitoshi msumeno na vifaa vya kinga, bado fedha zake hazijatosha msumeno.

6. Kutambua halisi na bandia

Majina yanayotafutwa sana na wakataji, kama vile Stihl ya Ujerumani na Husqvarna ya Sweden, ndiyo yanayoigwa sana, kwa rangi, kwa herufi na hata kwa boksi. Mwigo huweza kuwaka na kukata vizuri kwa siku chache za mwanzo. Udhaifu wake hujitokeza kwenye mti mgumu: pistoni hukwama, breki hushindwa kushika, bamba hupinda. Kabla ya kulipa, fanya yafuatayo.

Tafuta namba ya utambulisho kwenye mwili wa mashine yenyewe, si kwenye karatasi ya kubandika tu. Iandike, kisha mwombe wakala anayetambuliwa na mtengenezaji aithibitishe. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa.

Linganisha herufi za jina kwenye kifuniko, kwenye bamba na kwenye kitabu. Bandia nyingi huwa na jina moja kwenye kifuniko na jingine, au hakuna kabisa, kwenye bamba na mnyororo.

Omba kitabu cha maelekezo na kadi ya dhamana yenye jina la muuzaji, anwani yake na muda wa dhamana.

Iwashe. Ikiwa imepata moto na kuachwa kwenye mwendo wa chini, mnyororo usizunguke. Elekeza ncha kwenye karatasi nyeupe na uongeze kasi: matone ya oili ya mnyororo yaonekane kwenye karatasi. Izime na kuiwasha tena mara tatu.

Kwa msumeno uliotumika, mwombe fundi wako afungue bomba la moshi na kuitazama pistoni kwa tochi. Mikwaruzo ya wima kwenye pistoni ni dalili ya injini iliyokwisha, hata kama rangi ya nje inang'aa.

7. Hesabu ya gharama

Wahenga walisema rahisi ni ghali, lakini methali pekee haitoshi, tupige hesabu. Kiasi tunachokitaja ni cha kufundishia tu, si bei ya soko.

Tuseme msumeno wa kwanza unauzwa shilingi 450,000 na hufa baada ya miezi 6 ya kazi ya kila siku kwenye mbao ngumu. Kwa miaka 4 utanunua misumeno 8, yaani shilingi 3,600,000. Mara 7 utasimama kazi kwa siku 5 ukitafuta mwingine. Kama siku moja ya kazi ni shilingi 30,000, hasara hiyo ni shilingi 1,050,000. Jumla ni shilingi 4,650,000. Msumeno wa pili unauzwa shilingi 2,000,000, na kila mwaka hutumia vipuri vya shilingi 300,000. Kwa miaka 4 jumla ni shilingi 3,200,000, nawe bado unao.

Hesabu hii hubadilika kwa mtu anayekata siku mbili tu kwa mwezi. Huyo hana haja ya mashine ya kitaalamu; msumeno halisi wa daraja la kati, au kumkodi mkataji mwenye vifaa, huweza kuwa nafuu zaidi. Weka bei zako mwenyewe kwenye hesabu hii kabla ya kusaini mkopo.

8. Haki na wajibu wako

Dai risiti ya kielektroniki, na uhakikishe imeandikwa jina la bidhaa na namba ya utambulisho, au uandikiwe kwenye ankara. Bila risiti, malalamiko yako hayana mguu wa kusimamia.

Sasa ichukue ile karatasi ya sehemu ya kwanza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake. Lakini ulinzi huo hupungua pale mnunuzi anapotaja jina la biashara la mashine anayoitaka bila kueleza kazi yake, na pale alipoikagua mwenyewe akapitiwa na kasoro iliyokuwa wazi. Kwa hiyo useme: "Nataka msumeno wa kukata mvule wa sentimita 60, siku 20 kwa mwezi, upi unafaa?" Kisha mwombe aandike maneno hayo kwenye ankara. Sentensi moja ya namna hiyo ina thamani kuliko ubishi wa mwezi mzima.

Ukiuziwa bandia, au ukidanganywa kuhusu nguvu na ubora, acha kuitumia mashine, hifadhi boksi na risiti, mwandikie muuzaji, kisha peleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo chini ya sheria ya mwaka 2003 hushughulikia udanganyifu kwa walaji. Masuala ya viwango vya ubora hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania.

Wajibu wako nao usiusahau. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka uvunaji ufanywe kwa kibali, na miti iliyotangazwa kuwa ya hifadhi haikatwi bila idhini hata ikisimama nje ya msitu. Vifaa vilivyotumika kuvuna isivyo halali huweza kutaifishwa. Fika ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ya wilaya yako kabla ya kununua, uulize taratibu za kumiliki msumeno, za kibali na za kusafirisha mazao. Hakuna dhamana ya dukani inayorudisha msumeno uliotaifishwa.

Maswali ya kujipima

1. Miti unayoikata mara nyingi ni ipi, na ina unene gani? Taja ujazo wa injini na urefu wa bamba unaokufaa.

2. Boksi limeandikwa cc 52 na kilowati 4.8. Je, utaliamini? Eleza sababu.

3. Kwa nini mchanganyiko wa mafuta ya boti haufai kwenye msumeno?

4. Rafiki yako ana shilingi za kutosha kununua msumeno pekee, bila vifaa vya kinga. Utamshauri nini?

5. Andika sentensi utakayomwomba muuzaji aiweke kwenye ankara yako.

Tunapendekeza vikundi vilijadili swali la tano kwa pamoja, na kuandika jibu lake kabla ya mtu yeyote kutumwa mjini na fedha.